Mzalishaji Bora wa Kuku

Katika stoo ya nyumba ya mama yangu, Kiseke, kuna bomba la kupulizia dawa shambani, lile la kubeba mgongoni, ambalo halijawahi kupuliza dawa hata siku moja. Mwezi uliopita tulikuwa tunaisafisha stoo hiyo ili mama apate mahali pa kuweka mkaa, na kijana mmoja anayenunua vyuma chakavu akalishika mkanda, akalitikisa, akauliza kama bibi alikuwa akilima pamba. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake cha plastiki. Akajibu kuwa hapana, alikuwa akifuga kuku. Kisha akanitazama, na sote wawili tukacheka mpaka yule kijana akaliweka bomba chini taratibu, kama mtu aliyegusa kitu cha ukoo wa watu.

Mama hajawahi kufuga kuku. Nilipoinama kulirudisha bomba mahali pake, nilisikia harufu ya chokaa iliyogandia mdomoni mwake miaka yote hii, na harufu hiyo ikanirudisha Igoma, ile Igoma ya utoto wangu, wakati mashamba ya pamba yalikuwa yakianzia pale ambapo leo kuna gereji na maduka ya vifaa vya ujenzi.

Wa rika langu waliokulia upande ule wataikumbuka vilevile harufu ya dawa ya pamba. Ilikuwa kali, yenye utamu kidogo wa kuchefua, na ilikuwa ikishika kooni kama moshi wa kuni mbichi. Kwa watoto wengine hiyo ilikuwa harufu ya shamba. Kwangu mimi ilikuwa harufu ya zahanati, na nilikua nikidhani kwamba zahanati zote duniani zinanuka hivyo.

Mama alikuwa muuguzi mkunga wa zahanati ya kijiji chetu. Nalitaja neno la pili kwa makusudi, kwa sababu cheti chake kililitaja, lakini hakuna mtu mwingine aliyelitaja. Kwa watu wote yeye alikuwa Nesi. Aliyejikata na panga alimwita Nesi, aliyeumwa malaria alimwita Nesi, na mwanamke aliyekuwa karibu kujifungua alimwita Nesi pia, ingawa kazi aliyotaka kufanyiwa ilikuwa nyingine kabisa. Mama mwenyewe hakulalamika. Ila nakumbuka kwamba alipokuwa akijitambulisha kwa wageni alisema "muuguzi mkunga" polepole, na mgeni akishamsikia alijibu, "Ahaa, nesi."

Zahanati yenyewe ilikuwa na vyumba vya mbele kwa ajili ya mganga na sindano, na chumba kimoja cha nyuma kilichojengwa mahsusi kwa ajili ya kujifungulia. Kilikuwa na mlango wa mbao nzito, dirisha lililotazama mawe makubwa ya mlimani, na sakafu iliyoinama kidogo kuelekea kwenye tundu la maji. Mama alisema aliyekichora chumba kile lazima aliwahi kuona mtoto akizaliwa. Lakini hakuwahi kukitumia. Paa la ghala la ushirika lilikuwa limeezuliwa na upepo kabla hajahamia pale, na kwa kuwa kijiji hakikuwa na chumba kingine chenye kufuli, mabomba ya kupulizia, madebe ya dawa ya pamba na magunia matupu vyote vilihamishiwa mle. Harufu ilikuwa ikipenya chini ya mlango na kukaa nasi mwaka mzima.

Basi mama alizalishia kwenye chumba cha sindano, nyuma ya khanga mbili zilizotundikwa kwenye kamba. Chumba cha sindano hakikuwa na mlango, kilikuwa na nafasi ya mlango tu, nayo ilifungukia kwenye baraza lenye benchi la wagonjwa. Kwenye benchi hilo aliweza kukaa yeyote, akiwemo baba mkwe wa yule aliyekuwa nyuma ya khanga.

Kwa msomaji asiyezijua desturi za Wasukuma, inabidi nieleze. Mke wa mwana na baba mkwe wake waliheshimiana kwa kuepukana. Hawakula pamoja, hawakupeana mikono, na wakikutana njiani mmoja alipisha pembeni. Sasa mfikirie mwanamke aliyeshikwa na uchungu, huku akiisikia sauti ya baba mkwe wake, hatua chache tu kutoka hapo, akimweleza mganga habari za kikohozi chake. Wanawake waliuma khanga wasitoe sauti. Wengi zaidi hawakuja kabisa. Walibaki nyumbani, na mama alifuatwa kwa baiskeli mambo yakiwa yameshaharibika nusu.

"Anayeuma khanga haniambii panapouma," mama alimwambia baba siku moja wakati wa chakula. "Na anayebaki nyumbani ndiyo kabisa. Siku moja nitafika nimechelewa."

Baba alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alisema arudi tena kwa Mwenyekiti.

Mama alikuwa amekwisha kwenda mara nyingi. Safari hiyo nilifuatana naye, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na sikuwa na shule. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lushinge, alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akichonga mpini wa jembe, amevaa kofia yake ya pama ambayo tuliamini analala nayo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Nesi. Wagonjwa hawajambo?"

Mama akasema wagonjwa hawajambo, ila yeye amekuja kuwasemea watu wasio wagonjwa. Akaeleza habari ya chumba kwa utaratibu, kama alivyokuwa ameieleza huko nyuma. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Sitaki msomaji amdhanie vibaya. Alikuwa mtu mwenye adabu na alikuwa na hoja yake.

"Nesi, mimi sikatai," alisema. "Lakini chumba kile ni cha zana za wazalishaji. Nikizitoa, zitalala wapi? Nije nazo hapa, kwa wajukuu hawa wanaoonja kila kitu? Pamba hii ndiyo inayotulisha. Wazalishaji kwanza."

Mama akashukuru, akaaga. Njiani alitembea haraka, mbele yangu. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema lakini sikuthubutu, kwa sababu nilikuwa nimesikia jambo la ajabu. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye kofia, alikuwa amesema kwamba chumba kile ni cha wazalishaji, halafu papo hapo akamnyima mama yangu!

Ningefanyaje nisishangae? Neno kuzalisha nilikuwa nikilisikia nyumbani kila siku, na lilikuwa na maana moja tu. Nesi kamzalisha mke wa Mwalimu. Nesi kaenda Kisesa kuzalisha. Huyu hapa alizalishwa na mama yako. Nilijua kwamba watu wengine hulima, wengine huvua sangara na dagaa, wengine hutengeneza baiskeli, na mama yangu huzalisha. Ili niwe na hakika, jioni ile nilimuuliza baba, aliyekuwa amelala chali chini ya baiskeli ya mtu, wazalishaji ni akina nani.

"Wanaozalisha," alisema baba, akaniomba spana.

Basi nikaona kwamba tatizo ni dogo kuliko walivyodhani. Mwenyekiti alikuwa amesahau tu kwamba mama ni mzalishaji, kwa sababu kila mtu alimwita Nesi. Alichohitaji ni mtu wa kumkumbusha.

Nafasi ilikuja bila kuitafuta. Sherehe ya wakulima ilipokaribia, Bwana Shamba alikuja shuleni kwetu na kipaza sauti chake cha mkono, ingawa tulikuwa wachache na uwanja ulikuwa mdogo. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye bidii, aliyehamia kwetu kutoka mbali na ambaye hakuwa amezijua nyumba zetu vizuri. Alisema mwaka huo kijiji kitawatunuku wazalishaji bora, na si wa pamba peke yake. Akasema hata mahindi, hata mifugo, hata hawa kuku wa kisasa ambao serikali inawahimiza wananchi wafuge. Kama kuna mtoto ambaye nyumbani kwao yupo mzalishaji mzuri, anyooshe mkono.

Nilinyoosha mkono mpaka nikasimama kwa vidole. Bwana Shamba akaniita pembeni, chini ya dirisha la ofisi ya walimu, akatoa kalamu.

"Haya, binti. Mzalishaji ni nani kwenu?"

"Mama."

"Anaitwa nani?"

"Mama Kabula. Kabula ndiyo mimi."

"Safi. Anazalisha sana?"

"Sana. Wengine wanatoka mpaka Kisesa."

Nadhani hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la lugha yetu. Kama ningesema "mengine" angeandika mahindi, na kama ningesema "nyingine" angeandika pamba. Nilisema "wengine," naye akajua kwamba ni vitu vyenye uhai. Akatabasamu kwa furaha.

"Wana uzito gani?"

"Wazuri wanafika kilo tatu. Yupo mmoja alifika nne, mama akaita watu waje wamwone."

"Kilo nne!" Akaniangalia. "Anawapima kweli, au anakisia?"

"Anawatundika kwenye mzani. Wote."

"Na chanjo?"

"Anawachoma wote. Wanapiga kelele sana."

"Hao hawana dogo, hata ukiwashika tu wanapiga kelele," alisema, akiandika kwa haraka. "Sasa niambie, anawalisha nini?"

Hili nililijua vizuri, kwa sababu mama alilirudia kwa kila mwanamke aliyepita kwake. "Maziwa tu. Anasema wasipewe kitu kingine. Hata maji hataki."

Bwana Shamba aliacha kuandika. Alitazama juu ya bati la shule kwa muda, kama mtu anayekumbuka masomo yake ya chuoni na kuona kwamba yamepitwa na wakati.

"Maziwa," alisema polepole. "Na anawauza wapi?"

"Hauzi. Wenyewe wanakuja kuwachukua."

Alinipa mkono. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa mkono kabla ya siku hiyo. Nilirudi kwenye mstari nikiwa na hakika kwamba chumba kimepatikana, na sikumwambia mama, kwa kuwa nilitaka afurahi ghafla.

Sherehe ilifanyika mbele ya lile ghala lisilo na paa. Palikuwa na turubai la wageni, viti vya shule, ngoma mbili na jua la kutosha. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mnene kutoka wilayani, mwenye miwani na khanga ya sherehe mabegani. Mama yangu alikuwepo kama kila mwaka, katika gauni lake jeupe la kazi, saa imebanwa kifuani na kisanduku cha huduma ya kwanza miguuni, kwa ajili ya wale wanaozimia kwa jua. Alisimama pembeni kwenye kivuli cha ukuta. Hakuna aliyemtazama.

Zawadi za pamba zilitolewa, zikafuata za mahindi. Kisha Bwana Shamba akanyanyua kipaza sauti, na hata sauti yake ikabadilika. Akasema sasa amefikia kwa mfugaji wa aina yake. Akasema katika kijiji hiki hiki yupo mama anayefuga kuku kimya kimya, anawapima mmoja mmoja kwenye mzani, hakuna anayekosa chanjo, na kwa utaalamu aliougundua mwenyewe anawalisha maziwa matupu, bila hata maji, mpaka wanafika kilo nne. Watu wakaguna. Akasema wananchi wanatoka hata Kisesa kuja kuwachukua, naye hauzi, anagawa.

"Mzalishaji bora wa kuku," alitangaza, "ni Mama Kabula."

Nilipiga makofi peke yangu. Mama aligeuka kuangalia nyuma yake, kama vile palikuwa na Mama Kabula mwingine. Kisha, kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama, akatoka kivulini na kusogea mbele, na kisanduku chake mkononi.

Mgeni rasmi alimpongeza na kumuuliza anafuga kuku wa aina gani.

"Mheshimiwa, mimi sina kuku," alisema mama. "Kuna jogoo wa jirani anayekuja kula mchele wangu nikiuanika. Huyo naye si wangu."

Bwana Shamba alianza kutokwa na jasho. Akasema habari amezipata kwa mtoto wa nyumba ile ile, tena mtoto mwenye akili. Watu wakatafutana kwa macho, na mimi nikasukumwa mbele na mikono ya wenzangu. Mgeni rasmi akainama kidogo, akaniuliza kwa upole ni nani aliyeniambia kwamba mama anafuga kuku.

"Sikusema kuku," nilisema. "Walitaka wazalishaji. Mama ndiye anayezalisha."

Halafu upande wa wanawake mtu mmoja akaanza kucheka kwa sauti nyembamba, kama maji yanayoanza kuchemka. Akanyanyuka na mtoto wake mikononi, akamwinua juu.

"Kuku wake mmoja huyu hapa! Kilo tatu na nusu, msema kweli!"

"Na huyu wangu!" mwingine akasimama. "Chanjo kapata, kidonda mpaka leo anacho!"

"Maziwa anayajua mwenyewe, wala hashibi!"

Vigelegele vikapanda. Watoto wakanyanyuliwa kila upande, wengine wakubwa kabisa, wakipiga mateke na kuona aibu. Bwana Shamba aliikodolea macho karatasi yake, akaisoma upya mstari kwa mstari, na alipofika kwenye maziwa akajishika kiuno, akacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo nilimpenda.

Mgeni rasmi alisubiri kelele zipungue, akanirudia. Alitaka kujua kwa nini nilitaka mama aandikwe.

"Ili apewe chumba chake kwenye zahanati. Mwenyekiti alisema ni cha wazalishaji."

Sasa watu wote waligeuka kumtazama Mzee Lushinge. Mama alifumba macho. Mimi mwenyewe sikuona ubaya wowote, nilikuwa nimejibu nilichoulizwa. Mwenyekiti aliinuka taratibu kwenye kiti chake cha mbele, akavua kofia ya pama, na kwa mara ya kwanza tukaona kwamba ana upara. Alikuwa mwanasiasa mzuri kuliko wengi niliowaona baadaye kwenye televisheni.

"Mtoto amesikia vizuri," alisema. "Nilisema chumba ni cha wazalishaji. Kama kuna mtu alinisikia nikisema wa pamba, aseme."

Mama, ambaye alikuwa amemsikia, alitazama chini akitabasamu.

Mgeni rasmi akauliza cheo cha mama ni kipi hasa. Mama akakitaja polepole kama kawaida yake, na mgeni yule hakujibu "ahaa, nesi." Alimwambia Bwana Shamba arudie kutangaza, safari hii kwa usahihi. Bwana Shamba akajifuta uso, akanyanyua kipaza sauti. Akasema kijiji kinamtambua na kumpongeza mkunga wake.

Nilikaribia kulia. Nilidhani wamemshusha cheo. Mzalishaji lilikuwa neno kubwa, la sherehe na zawadi, na sasa walikuwa wamempa hili fupi ambalo hata Mwenyekiti hakuwahi kulitaja. Lakini mama alikuwa amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona. Baadaye sana, nilipoanza kujisomea mwenyewe, nililitafuta neno kuzalisha katika kamusi, nikazikuta maana zote mbili zimekaa jirani, zimetenganishwa na namba tu. Bwana Shamba alikuwa amesimama upande mmoja wa namba ile na mimi upande wa pili, na kila mmoja wetu alikuwa sahihi.

Zawadi ya mifugo ilikuwa bomba la kupulizia dawa ya kupe. Haikuwepo nyingine, basi akapewa hiyo hiyo. Alilibeba mgongoni juu ya gauni jeupe, na wanawake wakasema amelibeba kama mtoto. Njiani kurudi nyumbani alijikaza mpaka tulipovuka shamba la mwisho. Hapo akakaa juu ya jiwe na bomba lake mgongoni, akacheka mpaka akapaliwa.

"Kuku, Kabula?"

"Mimi sikusema kuku, mama."

"Najua. Ulisema maziwa." Akaanza tena kucheka.

Mwenyekiti hakurudi nyuma kwenye neno lake. Wanaume waliezeka paa la ghala kabla ya msimu wa kupulizia, na mabomba, madebe na magunia yakahama. Mama alikiacha chumba wazi, mlango na dirisha, siku baada ya siku, akakiosha kwa maji moto, sabuni na majivu mpaka mikono yake ikachubuka. Kisha akakoroga chokaa, akalijaza bomba lake, akalibeba mgongoni na kuzipulizia kuta mpaka dari. Alitoka humo akiwa mweupe nywele, kope na viatu. Kitanda cha kujifungulia, kilichokuwa kikilala kimekunjwa nyuma ya kabati la dawa, kikaingizwa. Chumba kikaanza kunuka chokaa na jua, na wanawake walikuja kukiangalia tu, hata wasio na mimba, wakiufungua na kuufunga ule mlango.

Siku hizi wakunga wana siku yao, wana sare zao, na redioni husikika viongozi wakisema kwamba uzazi salama hauwezekani bila wao. Binti yangu alipojifungua mwaka juzi, hapa hapa Mwanza, msichana mmoja aliingia chumbani, akataja jina lake, kisha akasema, "Mimi ndiye mkunga wako." Alilisema kama rubani anavyowaambia abiria kwamba yeye ndiye anayeirusha ndege. Nilimsimulia mama. Akaniuliza kama chumba kilikuwa na mlango unaofungika vizuri.

Nafikiri alikuwa anaikumbuka alasiri moja, muda mfupi baada ya chumba kuanza kutumika. Nilikuwa nimetoka shule na nimekaa kwenye benchi la baraza nikimsubiri. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa. Mzee Lushinge akaja na kofia yake, anatafuta kikombe cha kupimia dawa ya pamba ambacho vijana wake walikisahau mle, juu ya rafu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, kama mtu aliyezoea kuingia, mkono tayari kwenye komeo. Kisha akausimamisha mkono.

"Hodi," alisema.

"Bado," mama alijibu kutoka ndani.

Nilikuwa sijawahi kusikia hodi ikijibiwa hivyo, na nadhani hata Mwenyekiti. Alirudi akakaa kando yangu, kofia magotini. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya chini humo ndani kuna nani.

"Mke wa Masanja," nilisema.

Masanja alikuwa mwanawe. Mzee Lushinge alinyanyuka kama aliyekalia siafu. Alishuka barazani, akavuka uwanja kwa haraka isiyolingana na umri wake, akaenda kusimama kule mbali kwenye ua wa minyaa, akiipa zahanati mgongo na kuitazama barabara. Alisimama hapo muda mrefu. Mama alipotoka, mikono imeoshwa na uso unang'aa kwa jasho, nilimwonyesha kwa kidole. Alivuka uwanja kumfuata, nami nikamfuata nyuma.

"Hongera, Mzee. Umepata mjukuu wa kike. Wote wazima."

Mwenyekiti aligeuka. Alimtazama mama, kisha akautazama ule mlango, kama mtu anayejaribu kuelewa jinsi jambo lilivyompita.

"Mbona sikusikia kitu?" aliuliza. "Nilipokuwa pale barazani nimekaa. Sikusikia hata sauti."

"Alipiga kelele sana," alisema mama. "Alipiga kelele alivyotaka. Ule mlango ni mzito, Mzee."

Akarudi ndani kwa yule mzazi, akaufunga.